Pito la Ndani

Sitamtaja jina, na msomaji asidhani ninamficha. Mimi ni mkamwana wake. Kwetu Rungwe mkamwana aliyelelewa sawasawa hataji jina la baba mkwe, hamtazami usoni, hali naye, na wakikutana mahali pembamba ni mkamwana anayejitupa pembeni. Desturi hiyo Wanyakyusa wanaiita ingamwana. Siku hizi wengi wameiacha, hasa wa mjini, na wachungaji wameisema mpaka wamechoka. Mkwe hakuiacha. Na mimi, kwa ubishi au kwa malezi, sijui kipi kilitangulia, sikuiacha pia.

Adha yenyewe haikuwa kujificha. Kujificha unazoea. Adha ilikuwa jina. Desturi inakataza jina la mkwe na kila neno linalofanana nalo, na jina lake lilifanana na lile neno dogo ambalo kila Mswahili hulitumia kwa kile anachokifuata akienda sokoni au shambani. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Kazi yangu yote ni kuamua taarifa zifuate nini kutoka mashine hii mpaka ile. Neno hilo ndilo ugali wangu, na sikuruhusiwa kulitamka. Nikawa nasema “pito”. Pito la Isongole, pito la Lufingo, jedwali la mapito. Wenzangu niliosoma nao wakinisikia kwenye simu walidhani nimejiunga na dhehebu jipya.

Ofisini walimwita Fundi Mkuu. Ilikuwa ofisi ya ushirika wa maziwa, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na vituo vyake vya kukusanyia vilikuwa huko milimani, kila kituo na tangi lake la kupozea. Fundi Mkuu alisimamia mitambo yote, kuanzia majenereta hadi kompyuta. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Viatu vyake viling'aa hata msimu wa tope, na nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu viatu ndivyo nilivyovijua. Miaka yote ile Mkwe kwangu alikuwa vipande: kofia ya sufu, mgongo mpana, koti la mvua, viatu. Uso sikuwa nao.

Alikuwa na majivuno yake ambayo watu waliyacheka. Wageni wakija kutazama mitambo aliwaambia, “Hapa Tukuyu kitu hiki tunakielewa watu wawili, na huyo wa pili sijawahi kumwona.” Wageni walicheka wakidhani anajisifu. Mimi, upande wa pili wa mbao, nilikuwa nainamisha kichwa juu ya kibodi, maana nilijua anasema kweli tupu. Hakuwa amewahi kuniona.

Hizo mbao ndizo za kusimulia. Niliporudi kutoka Mbeya baada ya kuolewa, kazi ya aina yangu Tukuyu nzima ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya chumba chake. Mume wangu alifundisha shule huko Kawetele na hakuwa na mpango wa kuhama. Kama nisingeipata ile kazi ningerudi Mbeya peke yangu, tukawa mke na mume wa simu. Niliomba nikijua nitakataliwa. Mkwe aliulizwa na uongozi kama ana kipingamizi. Akajibu, “Apewe. Ila nipeni seremala.” Chumba kikakatwa katikati kwa mbao kutoka sakafuni hadi darini. Mashine zikabaki upande wake, skrini na kibodi ya pili zikaja kwangu kwa waya uliopitishwa tundu la chini. Yeye akaingilia mlango wa mbele, mimi nikawa naingilia stoo.

Kwa desturi tusingezungumza hata kidogo. Hapo Mkwe alijitungia sheria yake. Alisema sauti inayopita kwenye mbao ni sawa na sauti inayopita kwenye simu, na simu wazee hawakuikataza kwa kuwa hawakuijua. Ndivyo alivyokuwa. Aliikaza kamba pale alipotaka na kuilegeza pale alipotaka, na ole wako umwulize. Alikuwa mzee wa kanisa, mkali kwa waliotambika, halafu picha ya harusi yetu ilitundikwa sebuleni kwake na kiti chake kikawekwa chini yake, kimeupa mgongo ukuta, ili asiuone uso wangu. Aliongea na wajukuu kwa simu ya video, akicheka nao, na nikitokea mimi kwenye kioo aliigeuza simu kifudifudi mezani na maongezi yakaendelea.

Mama mkwe hakuwa na subira na mambo hayo. “Mnanichosha nyie wawili,” aliniambia. “Mimi napika ugali mmoja nauandaa vyumba viwili.”

Na kulikuwa na funguo. Mkwe alibeba rundo la funguo la kutosha kufungia gereza, na kila alipotembea alizitikisa kwa makusudi. Ilikuwa onyo kwangu. Funguo zikilia ukumbini, nabaki stoo. Zikilia kwenye mteremko wa Kawetele, naingia kwenye mashamba ya chai. Siku moja nilichuchumaa katikati ya chai ya watu, mvua inanyesha, begi la kompyuta nimelikumbatia kifuani, na wachumaji wawili wamesimama na vikapu vyao wananitazama. Funguo zikapita barabarani taratibu, chang, chang. Mmoja wa wachumaji akaniuliza, “Dada, unadaiwa?” Nilikasirika siku ile. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba baba yake ananitembeza kama mbuzi mwizi. Akasema, “Acha basi. Mimi nimekuoa wewe, sijakuoa na mzee.” Sikuacha. Kesho yake zilipolia funguo nikabaki stoo kama kawaida, na nilikuwa bado nimenuna.

Kazini alikuwa na swali moja. Kabla hajagusa chochote, aliiamuru mashine ijiite yenyewe. Kila kompyuta ina anwani ya kujiitia, mia ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja, na ukiiita anwani hiyo taarifa haziendi kokote. Zinatoka kwenye mashine na kurudi kwenye mashine hiyohiyo. Mkwe alibonyeza, akasema kwa sauti, “Upo?” Jibu likija kwenye skrini alijibu yeye kwa niaba yake, “Nipo.” Ndipo akaanza kazi. Alinisalimia hivyohivyo. Asubuhi nikivuta kiti tu, mbao zilisema, “Upo?” Nami nikajibu, “Nipo, baba.” Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yetu.

Lile jambo kubwa lilianza na kirusi. Kompyuta ya karani mmoja iliambukizwa, na kwa sababu vitu vyote vilikuwa kwenye mtandao mmoja, ugonjwa ukafika hadi kwenye mitambo ya kupozea. Maziwa ya tangi la Lufingo yakaharibika. Uongozi ukaamua: ofisi na matangi vitengane kabisa. Hapakuwa na uwezo wa kununua mashine ya pili ya kuongozea mtandao, kwa hiyo tukatakiwa tuigawanye ileile moja kwa ndani. Inawezekana. Mashine inakuwa na pande mbili, kila upande na jedwali lake la mapito, na kilicho upande wa kwanza hakijui hata kama upande wa pili upo.

Mwenyekiti wa ushirika alipoelezwa alisema, “Yaani kama nyie.” Yeye alikuwa mtu wa mjini, mfanyabiashara, mkarimu kwa kila mtu, lakini zile mbao zilimuudhi. Kila mgeni aliuliza ni za nini. Akasimama ukumbini, mahali ambapo sote wawili tungemsikia. “Kazi hii ikienda vizuri,” akasema, “sitauliza tena habari za mbao. Ikiharibika, mbao zinatoka, na mmoja wenu anatoka nazo. Na mzee nimemkuta hapa.”

Nilingoja Mkwe aseme neno, hata kukohoa. Nilisikia tu funguo zinawekwa mezani. Nilirudi nyumbani sijui kama ninafanya kazi naye au ninafanya kazi dhidi yake.

Tulijiandaa kwa kuambiana kupitia mbao. Yeye alishika waya na mitambo, mimi nikashika mipangilio. Kila kilichokuwa kimoja kilipaswa kuwa viwili, pamoja na ile anwani ya kujiitia. Mimi niliiita pito la ndani. Upande wa kwanza unalikuta pito hilo tangu mashine inapowashwa, wala hakuna anayelifikiria. Upande mpya unazaliwa bila hilo, mpaka mtu aliweke kwa mkono. Na programu ya kulinda matangi ilikuwa ya vipande viwili, kimoja kinasoma vipimajoto, kingine kinaendesha mitambo ya baridi, na vilisemezana kupitia hapohapo. Bila pito la ndani vingekuwa watu wawili chumba kimoja wasiosikiana.

Siku mbili kabla ya kuhamisha, nilisikia Mkwe anagongagonga misumari. Nikauliza, “Baba, pito la ndani, la upande wa pili, umeshaliweka?”

“Lipo,” akajibu. “Limebaki kukauka rangi.”

Nilidhani anatania. Mkwe alitania mara chache lakini alitania. Nikacheka kwa adabu, nikaendelea na mengine.

Siku ya kuhamisha kulikuwa na ukungu mpaka kwenye vioo vya madirisha. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameshaingia kwenye matangi. Mwenyekiti alikuja na kiti chake, akakaa ukumbini kati ya milango yetu kama refa. Nikahamisha vituo kimoja baada ya kingine kwenda upande wa pili. Nikaviita. Isongole ikaitika. Lufingo ikaitika. Kawetele ikaitika. Nikahamisha programu ya kulinda matangi, nikaiwasha. Skrini ikaandika kwamba joto halijulikani, matangi yote. Kisha mitambo ya baridi ikazimika. Ilikuwa imetengenezwa hivyo: ikikosa habari inazima, isije ikagandisha maziwa.

Simu ya mwenyekiti ikaanza kulia. Ilikuwa Isongole. Sauti ya yule mama wa kituo niliisikia nikiwa nimekaa: “Mwenyekiti, mtambo umezima wenyewe! Masiwa ya watu haya, mimi ntawambia nini?”

“Nini hiyo?” mwenyekiti akauliza kupitia mlango wangu.

“Natafuta,” nikasema. Niliyakagua mapito moja moja. Yote mazima. Niliviita vituo tena, vikaitika tena, na kuitika kwao kulinitia hofu zaidi, maana tatizo ambalo halionekani ndilo baya. Nikajaribu kurudisha programu upande wa kwanza, ikakataa kwa sababu vituo vyenyewe vimeshahama. Nilianza kuiona stendi ya Mbeya.

Mwenyekiti akasimama. “Mzee! Toka huko, uingie kwa huyu mkweo, mtazame skrini pamoja. Desturi mtairudia kesho.”

Funguo zikalia. Nilizisikia zinainuliwa mezani, zinasogea mlangoni kwake, zinatoka ukumbini. Mwili wangu ulifanya ulichokizoea kabla sijauuliza. Nilikuwa chini ya meza, mtandio umefunika kichwa, mkono mmoja juu umebaki kwenye kibodi. Funguo zikasimama mbele ya mlango wa stoo. Viatu vinavyong'aa vikatokea chini ya mlango.

“Ingia,” mwenyekiti akasema.

Mkwe hakuingia. Alipokasirika, r zake zote ziligeuka l, na siku ile ziligeuka. “Siingii. Na huyu hatoki. Ukimtoa huyu, Mwenyekiti, funguo hizi hapa, shika leo leo, halafu utafute wa kukuwashia balidi.”

Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa chini ya meza, nimechafuka magoti.

Kisha akageuza sauti, akasema na mlango, polepole. “Mwanangu. Isongole inaitika?”

“Inaitika, baba.”

“Lufingo?”

“Inaitika.”

“Na yenyewe je, inajiitikia?”

Nikanyoosha shingo kutoka chini ya meza. Nikaiita ile anwani upande wa kwanza. Jibu likaja. Nikaiita upande wa pili. Hakuna. Nikangoja. Hakuna.

“Haijiitikii,” nikasema. “Baba, pito la ndani si ulisema ulishaliweka? Nilikuuliza juzi!”

“Nililiweka! Hili hapa si nimesimama mbele yake? Na bawaba mpya!”

Nikatazama mlango. Mlango wa stoo, ule niliozoea kuingilia, ulikuwa mpya. Nilikuwa nimeufungua asubuhi ile nikiwa na haraka zangu, nisiuone. Mbao mpya, bawaba mpya, rangi ya kijani. Pito la ndani, la upande wa pili. Mkwe alikuwa amesikia mkamwana anaomba mlango wa heshima, akamtengenezea mlango wa heshima. Laiti ningeruhusiwa lile neno jingine, asingenielewa vibaya hata dakika moja.

“Mimi nilimaanisha anwani ya kujiitia, baba!”

“Eeh,” akasema. “Basi iweke.”

Niliandika nikiwa nimepiga magoti. Nikaumba sehemu ya kujiitia, nikaipa ile anwani, nikaihamishia upande wa pili. Nikaiita. Kimya. Simu ya mwenyekiti ililia tena, safari hii Lufingo, na mwenyekiti hakuipokea. Nikatazama tena nilichoandika: anwani ilikuwa imefutika. “Imepotea,” nikasema, karibu kulia. “Nimeipa anwani, nimeihamisha, imepotea.”

“Usilie. Umeanza na lipi?”

Aliponiuliza tu nikaona. Kitu kikihama upande, kinaacha anwani kule kilikotoka. “Niihamishe kwanza,” nikasema. “Halafu ndiyo niipe.”

“Haya. Lakini anwani ni ileile ya upande wa kwanza,” mwenyekiti akadakia, naye sasa ameshaingia kwenye jambo. “Si zitagongana?”

“Hazionani,” tukajibu mimi na Mkwe kwa pamoja.

Nikahamisha, nikaipa anwani, nikaita. Skrini ikajibu. Nikaiwasha programu upya, na nambari za joto zikaanza kuingia, Lufingo, Kawetele, Isongole, moja moja. Zilikuwa zimepanda lakini hazijafika pabaya. Mitambo ikaanza kuvuma. Mwenyekiti alimpigia mama wa Isongole, na kutoka kwenye simu nikamsikia yule mama anashukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo, ndaga fijo,” mpaka akakata.

“Upo?” Mkwe akauliza mlango.

“Nipo, baba.”

Funguo zikaondoka. Mwenyekiti akabeba kiti chake, na habari za mbao hakuziuliza tena. Mchana nilisikia kutoka upande wa pili, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeumizwa kidogo, “Ile rangi uliiona lakini?” Nikasema nimeiona, ni nzuri sana, na asante. Akajisafisha koo, akarudi kwenye kazi yake.

Tulifanya kazi hivyo mpaka alipostaafu. Chumba nikakirithi mimi. Mbao sikuzitoa, na fundi kijana aliyekuja baadaye anakaa upande wake analalamika joto.

Halafu mwaka huu, wakati wa mvua kubwa, mume wangu alinipigia kutoka kwao. Mkwe alikuwa ameanguka bafuni. Kiharusi. Alirudishwa kutoka hospitali akiwa na mkono mmoja mzima na ulimi uliokufa. Nilipopata habari hiyo niliona nimepokonywa mtu mzima mzima. Wengine wote walikuwa na uso wake. Wangeweza kukaa naye, kumshika, kumsoma macho. Mimi nilikuwa na sauti tu, na hiyo ndiyo iliyoondoka.

Nilikwenda kwao Kawetele kila nilipotoka kazini. Nilikaa jikoni na mama mkwe, nikamenya ndizi, nikaosha mashuka, na chumba chake nikakizunguka. Siku moja mchana niliweka beseni chini, nikaenda kusimama ukumbini, nyuma ya ukuta wa kitanda chake. Sikujua kama ni yeye bado aliyemo mle, au ni mwili tu unaolishwa uji.

“Upo?” nikauliza ukuta.

Nikahesabu pumzi zangu. Nikauliza tena, kwa sauti zaidi. “Baba. Upo?”

Funguo zikalia.

Miguu yangu iligeuka kukimbia, nakuapia. Ilishafika mlango wa uani kabla sijatambua kwamba funguo hazisogei. Zilikuwa zinalia palepale, chang, chang. Mapito yote ya nje yalikuwa yamekatika, ila la ndani lilikuwa zima. Nikarudi.

Mama mkwe alitokea jikoni na mwiko mkononi. “Anakuita,” akasema. “Wiki nzima anatafuta hizo funguo, tukadhani anaweweseka. Ingia.”

“Mama, siwezi.”

“Basi ingia kinyumenyume, mradi uingie.”

Niliingia kinyumenyume, mtandio usoni, mpaka ubao wa kitanda ukanigusa nyuma ya magoti. Nikakaa pembeni yake nikiwa nimempa mgongo. Nilisikia pumzi zake, nzito, za kazi. Kisha mkono wake mzima ukapita ubavuni mwangu polepole, na rundo lote la funguo likadondoka mapajani mwangu. Akalisukuma kwa vidole, lisogee zaidi kwangu, na mkono akauondoa.

Nilizitazama zile funguo. Bila hizo hakuwa tena na namna ya kuniambia nijifiche.

Nikavua mtandio, nikageuka. Ana mwanya kama wa mwanangu mdogo, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia.